Plaisi Mdomoni mwa Baba Mkwe

Wiki jana tulimwacha Kahiga amesimama na plaisi, lile koleo la fundi, mkononi. Mbele yake, kwenye kiti cha kinyozi, Mzee Parmuat alikuwa amefungua mdomo wote na kusema maneno yaliyomtoa kijana jasho la mgongoni:

"Ng'oa, mkwe wangu."

Msomaji, Kahiga hajawahi kung'oa jino la mtu tangu azaliwe.

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, sikiza upesi. Ishmael Wahome, tajiri wa mabati na matangi ya maji, amejenga nyuma ya Noonkopir, hapa Kitengela, mtaa mmoja anaouita Mji wa Zamani. Watu hulipa kiingilio ili waone jinsi wenyeji wa mjini walivyotafuta riziki katika karne ya kumi na tisa. Mji upi? Hakuna aliyemuuliza. Kazi zenyewe alizitoa kwenye simu yake usiku mmoja akikosa usingizi, akaajiri watu wa kuzifanya.

Kuna mfagia bomba la moshi. Kwa kuwa Kitengela nzima hapakuwa na nyumba yenye bomba la moshi, ilibidi lijengwe moja ili jamaa apate cha kufagia. Kuna Waruguru, ambaye kazi yake ni kugonga madirisha kwa fimbo ndefu, awaamshe watu waende kazini. Huanza saa tatu asubuhi, na anaowaamsha ni wafanyakazi wenzake, ambao wameshaamka, wameshafika, na wanamwangalia tu kupitia dirisha hilo hilo. Kuna Nashipae, mwasha taa za barabarani. Hupanda ngazi na kuwasha taa jua likiwaka, maana wageni huenda zao kabla ya giza.

Na kuna Kahiga, kinyozi na mng'oa meno. Zamani hizo, Wahome alisoma, kazi hizo mbili zilikuwa za mtu mmoja. Kahiga alisomea upishi. Mgonjwa wake ni Muema, kijana mwenye kifua kipana aliyeajiriwa kupiga mayowe. Kahiga humwingizia plaisi mdomoni, Muema hulia kama ng'ombe aliyekanyagwa na lori, kisha Kahiga huinua juu jino linalochuruzika damu. Jino ni punje ya mahindi. Damu ni maji ya bitiruti. Wageni hupiga makofi.

Sheria ya Wahome ni moja. Ukipita geti, umeiacha karne hii nyuma. Atakayetaja simu, gari au hospitali mbele ya wageni amejifuta kazi mwenyewe.

Sasa, Nashipae na Kahiga wanapendana. Nashipae alipoulizwa na babake, "Huyo kijana wa Kikuyu anafanya kazi gani?" alijibu bila kudanganya hata kidogo:

"Anang'oa meno, papa."

Mzee akasikia daktari. Nashipae akaona amesikia daktari. Akanyamaza, hata mzee alipopanga watu wa Kahiga waje nyumbani kwake Isinya kwa posa. Siku yenyewe ni kesho.

Haya, turudi kwenye kiti. Mzee bado amefungua mdomo.

"Ni gani, mzee?" Kahiga aliuliza, akitafuta tu muda.

"Hii ya nyuma. Chini." Shavu la mzee lilikuwa limevimba hadi jicho la upande huo likabaki kama ufa. "Imenisumbua mpaka ng'ombe nikaziona mbili mbili. Mama Nashipae akasema niende hospitali. Nikamwambia, kwa nini niende kwa mtu mwingine na sisi tuko na daktari kwetu?"

"Mzee, kuna kitu nataka kukuambia."

"Utaniambia ukimaliza."

Nje ya dirisha Nashipae alikuwa juu ya ngazi yake. Aliona kichwa cha baba kwenye kiti cha kinyozi, na nusura aanguke. Alianza kupunga mikono yote miwili kumwonya Kahiga asithubutu.

"Mbona huyo msichana anapigana na nyuki?" mzee akauliza. Kisha akamtambua. "Nashipae! Shuka hapo! Kuja uone bwana yako akifanya kazi!"

Kahiga aliweka plaisi mezani. Alikuwa ameamua kusema ukweli, yote, mara moja, liwalo na liwe. Alivuta pumzi.

Mlango ukafunguka.

Ishmael Wahome aliingia amevaa koti refu jeusi na kofia ndefu kama sufuria ya kupikia ugali wa shule. Nyuma yake walikuwa wageni aliowangoja tangu mji wake uzinduliwe: walimu wakuu kutoka Kajiado yote, ambao wangekubali au wangekataa kuleta wanafunzi wao hapa. Wakikubali, mji unaishi. Wakikataa, Wahome anarudi kwa mabati na kila mtu anarudi nyumbani.

"Walimu!" Wahome alinguruma. "Huyu hapa ni kinyozi wa karne ya kumi na tisa! Asubuhi ananyoa, mchana anang'oa! Na huyu hapa ni mgonjwa wake!"

Akamtazama mgonjwa. Hakuwa Muema. Alikuwa mzee wa shuka na rungu, jasho likimtiririka, shavu kama nyanya iliyoiva. Wahome alimsogelea Kahiga na kunong'ona kwa furaha:

"Huyu mmemtoa wapi? Hilo shavu mmelitengeneza na nini?"

"Bosi, hilo ni shavu yake."

"Safi kabisa. Endelea."

Msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje? Kahiga alifanya kile mikono yake ilichojua. Alitia punje ya mahindi kwenye kiganja, akaingiza plaisi mdomoni bila kugusa chochote, akavuta kwa nguvu nyingi za uongo, na kuinua juu jino la kupendeza, jekundu, lenye mzizi.

Walimu wakuu walipiga makofi. Mmoja wa nyuma alifunga macho.

Mzee Parmuat hakupiga makofi. Alinyoosha mkono, akachukua lile jino, akaligeuzageuza kwenye mwanga. Akaliuma kwa meno ya upande mzima.

"Hii ni mahindi," akasema.

"Ni jino, mzee," alisema Kahiga kwa sauti ndogo.

"Kijana, mahindi naijua. Na yangu bado iko hapa ndani, inapiga kelele."

Walimu walicheka mpaka wakashikana mabega. "Huyu mzee ni hodari!" alisema mmoja. Wahome naye alicheka, lakini mkono wake ulimbana Kahiga kiunoni.

"Wanapenda," alinong'ona. "Sasa ng'oa ya ukweli."

"Bosi?"

"Amekuja mwenyewe, amekaa mwenyewe, anataka. Ng'oa ya ukweli. Wakiona hiyo, watoto wa Kajiado nzima ni wetu."

Wakati huo Nashipae aliingia mbio na utambi wake bado unawaka. Nyuma yake alikuja Muema, ambaye alikuwa ameenda kununua chapati na sasa alikuta kiti chake kimekaliwa.

"Papa, toka hapo," alisema Nashipae.

"Sitoki. Simama vizuri, unaaibisha bwana yako." Mzee alimgeukia Kahiga. Sauti yake ilishuka, ikawa ya watu wawili tu. "Unaogopa mimi nitalia?"

"Hapana, mzee."

"Angalia hapa." Alivuta mdomo wa chini. Meno mawili ya mbele hayakuwepo. "Hizi nilitolewa nikiwa mtoto, kama desturi ya kwetu. Kwa kisu. Sikufunga hata jicho. Leo mimi ni mzima, na wewe ni mkwe wangu. Ng'oa. Hakuna mtu wa kwetu ataambiwa Parmuat alilia, na hakuna mtu wa kwenu ataambiwa mkono yako ilitetemeka."

Kahiga aliokota plaisi. Aliiingiza mdomoni, na safari hii chuma kiligusa jino. Vidole vya miguu vya mzee vilijikunja ndani ya viatu vya mpira. Joto lilitoka mdomoni humo kama mtu amefunua sufuria. Kahiga alijua joto la sufuria. Hili halikuwa joto la mtu wa kuchezewa.

Alitoa plaisi, akaitupa sakafuni.

"Mimi sing'oi."

Kahiga aligusa paji la uso la mzee.

"Mzee, mimi si daktari. Wewe uko na homa. Twende hospitali saa hii hii."

Lile neno! Hospitali! Mwalimu mkuu mmoja alimtazama mwenzake. Wahome alipauka, kisha akawa mwekundu, kisha akainua mkono kama mhubiri.

"Hospitali?" akapaza sauti. "Hospitali ni nini? Mnaijua, watu wa mji? Kinyozi huyu ameingiwa na wazimu! Kwa mamlaka niliyo nayo katika mji huu, ninamfukuza! Asionekane tena ndani ya ukuta huu!"

Walimu wakuu walipiga makofi kuliko mara zote.

"Bosi, hiyo ni ya mchezo ama ni ya ukweli?" aliuliza Kahiga.

Wahome aliinama kwa tabasamu la wageni na kumnong'oneza sikioni: "Ya ukweli. Aproni utaileta Jumatatu."

Na kama hilo halikutosha, Mzee Parmuat alikuwa ameinuka. Alijifunga shuka yake polepole. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Kahiga zaidi.

"Huyo mwingine unamng'oa kila siku," alisema, akimwonyesha Muema kwa rungu. "Nimesikia hata mnadani wakimwongelea. Lakini mdomo ya Parmuat umeikataa. Sawa. Nimeelewa. Nashipae, twende nyumbani."

"Papa, si hivyo..."

Mzee alipiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Ya tatu haikufika chini. Muema, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga mayowe tu, alimdaka kabla hajaanguka.

"Huyu mzee anachomeka!" Muema alisema. "Si mchezo! Anachomeka kama jiko!"

Waite boda boda? Hakuna boda boda inayoruhusiwa ndani ya Mji wa Zamani. Gari? Basi la walimu wakuu lilikuwa limeziba geti, na dereva wake alikuwa amelipa kiingilio aone onyesho kama mtu mwingine yeyote. Kilichokuwepo ni mkokoteni wa punda wa kubeba maji ya karne ya kumi na tisa, ambao ulipita pembeni mwa basi ukikwaruza pande zote mbili.

Walimlaza mzee katikati ya mitungi. Muema akashika punda. Nashipae akamshika babake kichwa. Kahiga akakimbia kando.

Waruguru alipowaona wakipita mbio, alifanya alichojua. Aligonga kila dirisha mtaani kwa fimbo yake, akiita, "Amkeni! Amkeni! Mzee anakufa!" Walimu wakuu walitoka nje, wakawapungia mikono na kupiga picha. Mmoja wao aliwaambia wenzake hajawahi kuona somo la historia lenye uhai hivyo.

Hivyo ndivyo ilivyotokea, msomaji, kwamba saa sita mchana, kando ya barabara ya Namanga, magari ya kwenda katikati ya Kitengela, yaliyokwama kwenye foleni, yalipitwa na mkokoteni wa punda. Juu yake mzee wa shuka na msichana wa gauni refu lenye masizi. Kando yake kijana mwenye aproni iliyojaa damu, akilia na kupiga kelele, "Tupishe! Tupishe! Ni baba mkwe!"

Walipishwa.

Kwenye kliniki ya meno iliyo juu ya duka la dawa, Daktari Tabitha alifungua mlango, akaiona aproni, akamwona mzee.

"Nani amempiga huyu mzee?"

"Hakuna mtu amempiga," alisema Kahiga. "Hii ni bitiruti."

"Keti hapo mbali. Wewe na bitiruti yako."

Alimweka mzee kwenye kiti, akawasha taa, akaangalia. Hakuchukua muda mrefu.

"Kuna jipu chini ya jino. Limejaa. Nani alijaribu kuligusa?"

"Mimi," alisema Kahiga. "Kidogo. Na plaisi."

"Ukavuta?"

"Sikuvuta."

Daktari Tabitha alimgeukia kwa mara ya kwanza kama anazungumza na mtu. "Shukuru Mungu. Taya ingevunjika, na hiyo uchafu yote ingeingia kwa damu. Mngekuja hapa mkimlilia."

Mzee Parmuat alisikia. Alikuwa amefunga macho, lakini alisikia.

Daktari alichukua sindano ya ganzi. Jicho moja la mzee likafunguka.

"Hiyo ni ya nini?"

"Usisikie uchungu, mzee."

"Mimi siogopi uchungu. Ng'oa hivyo."

"Papa!" alisema Nashipae. "Hapa hakuna mtu anakuangalia."

"Daktari ananiangalia."

"Mimi naangalia jino tu, mzee," alisema Daktari Tabitha. "Ukiruka mimi ndio nitakosea, na makosa itakuwa yangu. Nisaidie."

Mzee alifikiri. Kusaidia mtu kazi yake hakukuwa woga. Akafungua mdomo, sindano ikaingia, na hakufunga hata jicho.

"Tungoje ganzi ishike," alisema daktari, akaenda kunawa mikono.

Hapo ndipo Mzee Parmuat aliposema, akitazama dari:

"Kijana. Kuja."

Kahiga alikuja na kusimama kando ya kiti.

"Wewe si daktari."

"Mimi si daktari, mzee."

"Nashipae alisema unang'oa meno."

"Naigiza kung'oa. Nang'oa mahindi kwa mdomo ya Muema."

Muema, mlangoni, alinyoosha mkono kama mwanafunzi aliyeitwa jina.

"Watu wanakuja kuangalia hiyo?"

"Wanakuja."

"Wanalipa?"

"Wanalipa, mzee."

Ungemwona mzee anajaribu kuilaza habari hiyo mahali fulani kichwani na haitoshei popote. Alipozungumza tena, upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeanza kuchelewa.

"Na hahi? Kahi yako ni gani haha?"

"Asubuhi nilikuwa na hiyo. Saa hii sina kazi. Nimefutwa."

"Hu nini?"

"Kwa sababu nilisema hospitali."

Nashipae alikuwa amesimama nyuma yao, amejishika mikono. Machozi yalikuwa yameteremka kwenye masizi ya taa na kumchora mistari usoni. "Papa, kosa ni langu," alisema. "Uliposema daktari, mimi nilinyamaza. Nilijua ukisikia ni mchezo hutamkubali."

Mzee aliinua kidole kumnyamazisha. Daktari Tabitha alirudi. Akasimama, akashika kifaa chake, akainama. Kahiga alijikuta ameushika mkono wa mzee, na mzee hakuutoa. Jino likatoka. Lilikuwa kubwa, la kahawia, lenye mizizi iliyopinda, na halikufanana hata kidogo na punje ya mahindi.

Muema alipiga yowe. Ilikuwa mazoea.

"Uma hii pamba," daktari alimwambia mzee, "na usiongee mpaka ganzi iishe. Dawa ni hii, asubuhi na jioni. Homa ikirudi, rudi."

Mzee Parmuat aliinuka. Shavu moja lilikuwa limelegea na pamba imejaa mdomoni. Alichukua rungu lake. Alimkazia Kahiga macho kutoka kichwani, akashuka hadi kwenye ile aproni ya kinyozi, akapanda tena. Kisha akamtazama binti yake. Wote walijua neno linakuja, na kwamba neno hilo ndilo la mwisho.

Alifungua mdomo na kusema kwa uzito wote wa mzee wa boma:

"Naha... haa."

Kila mmoja chumbani alimtazama mwenzake.

"Umesema nini, papa?" aliuliza Nashipae.

Mzee alimwonyesha kidole kimoja. Ameshasema. Mara moja inatosha. Akafunika mdomo na shuka, akashuka ngazi, akapanda pikipiki iliyokuwa ikingoja abiria, akamwonyesha mwenye pikipiki upande wa Isinya. Vumbi likainuka, akaenda zake.

"Amesema nakubali," alisema Nashipae.

"Mimi nimesikia nakataa," alisema Daktari Tabitha. "Samahani. Nimezoea kusikiza watu wa ganzi."

"Mimi nimesikia naenda haja," alisema Muema.

Kahiga aliketi kwenye ngazi za kliniki na ile aproni yake, punda akimnusa bitiruti. Alijaribu kulirudia neno lile mdomoni, polepole, kwanza hivi, kisha vile. Kila mara lilikuja sawa.

"Kama ni nakataa," alisema mwishowe, "kwa nini hakutoa mkono yake wakati niliishika?"

"Kama ni nakubali," alisema Nashipae, "kwa nini hakunipungia?"

Waliketi hapo bega kwa bega mpaka jua likaanza kupungua makali. Muema alirudi kazini na punda. Ndipo simu ya Nashipae ikalia. Ilikuwa mamake, kutoka Isinya. Nashipae aliiweka sauti juu ili Kahiga naye asikie.

"Yeyo, papa amefika?"

"Bado, lakini amenipigia akiwa njiani. Mmemfanya nini papa yako? Anaongea kama mtu ako na viazi moto kwa mdomo."

"Amesema nini, yeyo? Niambie vile amesema, neno kwa neno."

"Si ndio nakuuliza. Amesema mambo mengi, nimeshika moja tu, na hata hiyo sijashika vizuri." Upepo wa Isinya ulivuma kwenye simu. Mbwa akabweka. "Amesema kesho asubuhi hiyo kijana yako akikuja na watu wao, mimi nifu... nifu-e geti. Halafu akakata simu."

"Nifu nini, yeyo?"

"Sasa Nashipae, si wewe ndio ulikuwa na yeye? Niambie mtoto wangu. Nifungue, ama nifunge?"